Diski ya Mke Mkubwa

Mtu akiingia studio yangu hapa Nyamasaria kwa mara ya kwanza, macho yake huenda moja kwa moja kwenye kamera. Namwacha aangalie. Kamera kila mtu anayo siku hizi, hata mwenye bodaboda anayo kwenye simu. Akimaliza kushangaa, namwambia ainame aangalie chini ya meza. Huko kuna sanduku jeusi, si kubwa, ungeweza kulibeba kwapani, na mbele yake kuna taa mbili ndogo za kijani. "Hapo ndani," namwambia, "ndipo harusi na matanga ya nusu ya Kisumu yanalala."

Nikisema nusu sitanii sana. Kutoka hapa barabara kuu mpaka Ahero, familia ikitaka video ya kazi safi hutaja jina langu. Shule ya msingi sikuimaliza, na sioni aibu kusema. Nimeajiri watu waliosoma, wanafanya kazi vizuri, na mwisho wa mwezi tunaelewana. Lakini sanduku lile nililielewa mwenyewe, na nitaeleza vile nililielewa, kwa sababu kuna mama mmoja kutoka Ahero aliyenilazimisha kulieleza mara ya pili, na hiyo mara ya pili haikuwa rahisi.

Nilianzia kwenye maji. Mtaani Nyalenda, kabla ya kamera, nilisukuma mkokoteni wa jerikeni mpaka mabega yakawa hivi unavyoyaona, kisha nikafungua kioski changu mwenyewe. Kwanza nilikuwa na tangi moja na bomba moja. Asubuhi akina mama walikuwa wanapanga laini mpaka kwa fundi viatu, na matusi niliyotukanwa kwenye laini ile siwezi kuyaandika. Nikaongeza tangi la pili, nikaliunganisha na mfereji uleule. Kila tangi na bomba lake. Hapo maisha yakabadilika. Mwenye jerikeni akifika simuulizi anataka tangi gani. Naangalia bomba lipi halina mtu, namwonyesha kwa kidevu. Maji ni yaleyale.

Sasa sikiliza. Kujaza hakukuwa haraka zaidi, kwa sababu ilibidi nijaze yote mawili. Kuchota ndiko kulikuwa haraka. Na siku tangi moja lilipopasuka, hakuna mtu aliyerudi nyumbani na jerikeni tupu. Laini ilirefuka tu, wakanitukana kidogo, basi.

Miaka imepita, nimeingia kwenye video, na fundi wa kompyuta wa mjini ananiuzia sanduku. Ananiambia ndani kuna diski mbili. Nikiweka harusi, inaandikwa kwenye zote mbili, nzima huku, nzima kule. Nikiitaka, inasomwa kutoka yoyote.

"Nani anachagua?" nikamuuliza.

"Kuna akili ndogo humo ndani, Mzee. Inaangalia diski ipi haina kazi nyingi, au ipi sindano yake ya kusomea iko karibu na kile unachokitaka. Watu wawili wakiomba vitu viwili kwa wakati mmoja, huyu anahudumiwa hapa, yule pale. Mashine nyingine, mtu akiwa mmoja, hushika diski moja tu mpaka amalize. Hii yako nimeipanga igawe hata kazi ya mtu mmoja: kipande huku, kipande kule."

"Hayo ni matangi yangu ya Nyalenda," nikasema.

Nikamweleza. Akacheka, akafunga begi lake. "Sasa ulitaka nikufundishe nini?" Hicho ndicho cheti changu, na sijaona sababu ya kutafuta kingine. Mlangoni akakumbuka jambo: taa moja ikigeuka nyekundu, nisizime mashine na nisiguse kitu. Ile iliyobaki itabeba. Nitoe kopi ya vitu muhimu, kisha nimwite.

Basi, yule mama wa Ahero.

Mumewe alikuwa mkulima wa mpunga, mzee mwenye boma kubwa na wake wawili. Alipofariki, mimi ndiye niliyeitwa kupiga video ya maziko. Siku ile mke mkubwa hakuwepo. Alikuwa amelazwa hapa Kisumu, amevunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na daktari alikataza kabisa asiinuliwe. Mzee akazikwa bila yeye. Nilimpa mwanawe flashi yenye video nzima, na kazi yangu ikawa imekwisha. Lakini mama aliporudi nyumbani, kabla hajaiangalia, mvua ilikuja, mto ukavunja kingo, maji yakaingia bomani na kuondoka na godoro, redio, kuku, na hiyo flashi. Kwa hivyo maziko yale hayakuwepo tena mahali popote duniani isipokuwa chini ya meza yangu.

Mke mdogo ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa ameleta mchele sokoni, akapitia kwangu. Akaomba kuangalia. Nikamfungulia, akaangalia kipande cha katikati tu, akakirudisha, akakiangalia tena. Nikampa kopi ya kipande hicho kwenye simu yake. Akashukuru, akaenda zake. Sikufikiria lolote.

Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia mama mzee kwa magongo mawili, na nyuma yake yule mke mdogo, amemshika kiwiko. Nilifurahi. Nilitaka mke mkubwa ajue kwamba kazi yangu inapendwa. Nikamgeukia mdogo kwa sauti ya mwenye duka:

"Karibu tena, Mama! Ile kopi ya juzi ilicheza vizuri?"

Mama mzee alikuwa anajishusha kwenye kiti. Akakwama katikati, hajakaa wala hajasimama.

"Kopi gani?"

Mke mdogo akaangalia sakafu.

"Kopi gani, nauliza?"

"Nilikuwa na sababu yangu, Mama," mke mdogo akasema.

"Sababu! Wewe daima una sababu." Akanigeukia mimi, kama mimi ndiye mahakama. "Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu, "mimi ni mikayi wa boma lile. Mke wa kwanza. Unajua maana yake?"

Najua. Kwetu mke wa kwanza hutangulia. Ndiye anayepanda kwanza na kuvuna kwanza, na wengine hufuata. Watu wengi siku hizi ni wa kanisa, yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitambaa cha akina mama wa kanisa, lakini mpangilio wa boma haujaokoka bado. Mdogo akimruka mkubwa, huo ni mkosi kwa nyumba nzima.

"Siku ya kumzika mzee," akasema, "nikiwa kitandani, watu walikuja kuniambia huyu alikalia kiti changu. Kiti changu cha kichwani kwa jeneza. Alisubiri nivunjike mfupa ndipo akikalie. Nikanyamaza. Leo nimekuja kumwona mume wangu anavyoingia ardhini, kumbe hapa pia ametangulia. Yawa! Mimi sili mabaki."

"Mama, aliyekuambia hayo ni nani?" mke mdogo akauliza.

"Wenye macho."

"Wenye midomo."

Ukumbusho wa mzee ulikuwa umekaribia. Mke mdogo aliniambia baadaye kwamba mama mzee alishasema hatapika kwenye meko moja na yeye siku hiyo, na kwamba boma lilikuwa tayari limeanza kugawanyika, huyu na watoto wake, yule na wake. Mimi nilichoona pale ni bibi mwenye magongo akigeuka kuelekea mlangoni bila kumwona mumewe, na nilijua hatarudi. Watu wa namna ile hawarudi.

Hapo ndipo kichwa changu hufanya kazi.

"Mama," nikamwambia, "ngoja. Hakuna mabaki hapa. Diski zipo mbili." Nikainama nikamwonyesha. "Hii ya kulia ndiyo aliyoangalia mwenzako. Hii ya kushoto ni ya nyumba yako. Haijaguswa."

Sikudanganya, nilirahisisha. Mfanyabiashara asiyejua kurahisisha arudi shambani.

Akainama akiegemea gongo, akaangalia taa ya kushoto kwa muda mrefu. "Haijaguswa?"

"Iko vile ilivyo."

Akakaa. Mke mdogo akabaki amesimama nyuma yake, mkono kwenye mgongo wa kiti. Nikawasha skrini kubwa. Ikaonekana barabara ya kuingilia bomani, mashamba ya mpunga pande zote, watu wanashuka, kwaya inaimba. Video nzuri, ya mkono mtulivu. Kwa bahati mbaya mama yule hakuwa anaangalia skrini. Mtu aliyelinda mpunga dhidi ya ndege maisha yake yote haachi kitu kinachocheza pembeni mwa jicho.

"Nyathina."

"Naam, Mama."

"Ya kulia nayo inakonyeza."

Ilikuwa kweli. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka na kuzima, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama kawaida yake.

"Ulisema yangu ni ya kushoto."

Mke mdogo akafunika mdomo kwa leso. Nikajua anacheka.

Kuna wakati wa kurahisisha na kuna wakati wa kueleza. Nikavuta stuli, nikakaa mbele yake, nikamwambia habari ya matangi. Nikamwambia kwamba siku ya maziko, nilipoleta kazi hapa, diski zote mbili zilijazwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, hakuna iliyotangulia. Na kwamba mtu akitaka kuangalia, mashine haiulizi yeye ni mke wa ngapi. Inachukua kipande kutoka hii, kipande kinachofuata kutoka ile, kulingana na iliyo na nafasi, na kuviunganisha. Mwenzake juzi aliona hivyohivyo. Hakuna diski ya mkubwa, hakuna ya mdogo.

"Kwa hivyo nusu ya mzee iko huku, nusu iko kule," akasema.

"Hapana, Mama. Mzee mzima yuko huku. Mzee mzima yuko kule."

Kisha akageuza shingo, na kwa mara ya kwanza tangu waingie akamwangalia mwenzake usoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Si ndiyo maneno yake yale? Mimi niko mzima kwako, na niko mzima kwa mwenzako."

"Aliniambia hata mimi."

"Kumbe alikuwa anasema habari ya mashine." Akatikisa kichwa. "Siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Amekufa, ameingia kwenye sanduku, na bado anazunguka nyumba mbili!"

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha mama mzee kiliisha haraka. Hakuwa mtu wa kushindwa kwa kicheko.

"Lakini maji yakichotwa yanapungua," akaniambia. "Umesema mwenyewe ni kama matangi. Aliyechota kwanza amechota."

Nikakubali kwamba hapo ndipo maji na diski vinaachana. Bomba likifunguliwa, tangi hupungua. Diski ikisomwa haipungui chochote. Wasome watu mia, wa mia moja atapata kile alichopata wa kwanza, na hakuna mdomo wa mtu uliogusa.

"Kama neno la Mungu," akasema.

"Kama hilo," nikasema, nikiwa radhi.

Alikuwa bado analipima hilo nilipofikisha mkono kwenye kitufe ili niongeze sauti. Na hapo ndipo sanduku lilipolia. Mlio mwembamba, kama wa kifaranga. Nikaangalia chini. Taa ya kushoto ilikuwa nyekundu.

Nimepiga video kwenye mvua, nimepanda juu ya paa la kanisa na kamera shingoni, wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kutetemeka. Lakini jasho lilinitoka. Maziko yale yakiwa mazima yalikuwa sehemu mbili tu duniani, na sasa yalikuwa sehemu moja. Nikajikumbusha maneno ya fundi: usizime, usiguse. Na picha, nikisema ukweli wa Mungu, haikuwa imesimama hata kidogo. Kwaya iliendelea kuimba. Vipande vyote vilikuwa sasa vinatoka kulia.

"Imekufa?" mama akauliza. Jicho lile halikuachi.

Ningeweza kurahisisha tena. Nikamwangalia, nikaona haifai.

"Imekufa, Mama. Ya kushoto."

"Ile uliyosema ni yangu."

"Ile."

"Na yeye bado yuko." Alikuwa anaangalia skrini, ambako jeneza lilikuwa linatolewa kwenye gari.

"Bado yuko. Iliyobaki inabeba kazi yote."

Nikamwambia ushauri wangu: tusimamishe, nitoe kwanza kopi kwenye flashi, kisha arudi siku nyingine nikishaweka diski mpya. Akanijibu kwamba siku nyingine ameshazisubiri hospitalini, na nyingine amezisubiri juu ya paa la jirani huku maji yanapita chini. Nitoe kopi yangu, na yeye aangalie.

"Vyote kwa pamoja vitaichosha, Mama. Ni moja sasa, na watu wawili wanaiomba. Picha itakuwa inakwama."

"Acha ikwame. Nimewahi kubeba boma zima peke yangu, najua kukwama."

Basi nikachomeka flashi, kopi ikaanza, na tukaangalia. Ilikwama kweli. Ilienda, ikasimama, ikaenda. Mchungaji alibaki na mdomo wazi kwa muda usio wa heshima. Kisha jeneza likawekwa chini ya hema, na kamera yangu ikazunguka taratibu kutoka miguuni kuelekea kichwani, kama ninavyofanya daima, kwa sababu wapo wanaokurupuka na kamera kama wanafukuza mbuzi, na mimi si mmoja wao.

Picha ikakwama hapohapo, kichwani kwa jeneza.

Kulikuwa na kiti cha mbao. Hakuna mtu juu yake. Kilikuwa kimetandikwa shali ya kahawia yenye pindo nyeupe, na juu ya shali kuna Biblia. Nyuma ya kiti, amesimama, mkono kwenye mgongo wa kiti, alikuwa mke mdogo.

Sikukumbuka kiti kile. Napiga matanga mengi, siwezi kukumbuka kila kiti. Mama mzee aliinuka nusu, akaelekeza gongo kwenye skrini.

"Hiyo ni shali yangu."

"Nilienda kuitoa sandukuni kwako," mke mdogo akasema. "Ufunguo nilimwomba mwanao. Shemeji mmoja alitaka kukaa hapo, nikamwambia kiti kina mwenyewe. Alikasirika. Huyo ndiye mwenye macho wako."

Picha ikaendelea. Maombi, wimbo, ndugu mmoja baada ya mwingine. Akina mama wa boma walikaa kwenye mkeka. Kiti hakikukaliwa. Mke mdogo hakukaa popote, alisimama nyuma yake mpaka jeneza likabebwa, na hapo akaichukua ile shali, akaikunja, akatembea nayo kifuani mpaka kaburini. Alipotupa udongo alitupa mara mbili.

"Ya kwanza ilikuwa yako," akasema, kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Mama mzee akafikiri. "Hapana."

"Ndiyo maana nilikuja kwanza. Nilitaka kujua kama kamera ya huyu ilikiona kiti. Ningekuleta hapa na magongo hayo, halafu tukute amepiga picha za migomba tu?"

Hapo nilitaka kusema kitu kuhusu migomba na kazi yangu, lakini niliacha. Kaburi lilikuwa linafunikwa. Mama aliangalia mpaka koleo la mwisho, macho makavu, mdomo unasogea na wimbo. Baadaye akaniomba nirudishe pale penye kiti. Nikarudisha. Ikakwama tena, na hakuna aliyelalamika.

Kopi ilipokamilika nilichomoa flashi. Nikamwambia sasa nitatoa na nyingine, kila nyumba iwe na yake, kwa sababu kwenye kazi yangu mtu mwenye kopi moja ni mtu asiye na kopi.

"Moja inatosha," akasema. "Nyingine si iko kwako? Na hiyo iliyokufa utafanyaje?"

"Naweka mpya mahali pake, Mama. Iliyobaki itaijaza, kila kitu, mpaka zilingane."

"Iliyobaki ndiyo itaifundisha mpya."

"Ndiyo. Na wakati huohuo itakuwa inawahudumia wateja. Itachelewa kidogo, lakini itafanya."

Akaangalia ile taa moja ya kijani, akafanya kwa ulimi ule mlio wa akina mama wa kwetu wakikubali jambo bila kulisifu. Akaipokea flashi, akajaribu kuishika pamoja na gongo, ikashindikana. Akamkabidhi mwenzake.

"Shika. Usiende nayo kwako. Tutaangalia kwangu, watoto wote. Wewe utaleta maji na kuni, mapema, kabla ya wageni wa ukumbusho."

"Na meko?"

"Meko ni moja. Kwani tuna wazee wawili?"

"Nimesikia mzee yuko mzima pande zote," mke mdogo akasema.

"Toka hapa," mama mzee akamwambia, na akamnyoshea kiwiko amshike.

Niliwasindikiza mpaka barabarani, nikawasimamishia tuktuk, nikamwagiza dereva akwepe mashimo. Kisha nikarudi ndani na kumpigia fundi simu. Alikuja na diski mpya, akaichomeka kushoto, na taa yake ikaanza kuwaka na kuzima polepole huku ile ya kulia ikijaza. Mchana ule wote harusi zilikwama, wateja wakanung'unika kama laini ya Nyalenda. Niliwaambia wavumilie, kuna moja hapa inabeba mbili.